Kitabu cha Wamama

Mwaka wa 1951, maharage yakiwa yamechanua juu ya vilima vya Kashuga, mwalimu Athanase alimzika mkewe Céline, na kando yake kitoto kichanga kilichofariki naye kabla ya kupewa jina. Aliyebaki alikuwa Jeannette, binti yao wa miaka saba. Siku ya mazishi Jeannette hakulia. Alishika tu ukingo wa koti la baba yake, na hakuuachilia mpaka mtu wa mwisho alipoaga na kuteremka kilima.

Miezi miwili baadaye ikafika barua kutoka misheni. Shule mpya ilikuwa inafunguliwa Walikale, kule chini msituni, na ilihitaji mwalimu mzoefu. Mwingine angetafuta udhuru, maana watu wa vilimani waliuogopa msitu na homa zake. Athanase alikubali siku ileile. Nyumba ya Kashuga ilikuwa imemshinda. Kila alipoingia jikoni alikiona kigoda cha Céline, naye aligeuka akatoka nje bila kufanya kilichompeleka.

Ndugu za Céline wakaja kusema lao. Msemaji wao alikuwa Mukandori, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu ambaye hata kwenye matanga hakuna aliyemwona akitoa chozi.

"Shemeji," alisema, "weye enda ku kazi yako. Mutoto abakie kwetu. Mwanaume hawezi kulea mutoto mwanamuke peke yake, tena mu pori."

Athanase alijua desturi ilikuwa upande wa shemeji yake. Alijua pia kwamba watu wote waliokaa pale walikuwa wanasubiri aseme ndiyo ili waende zao. Lakini ule mkono mdogo ulikuwa umeshika koti lake.

"Munipe mwaka moja," alisema. "Mukiona mutoto anaharibika, mutakuja kumubeba, na miye sitasema neno."

Mukandori alikaza kitenge chake, akainuka. "Mwaka moja," alisema mwishoni. "Ni neno lako, Shemeji. Usilisahau."

Wakatembea siku tano. Vilima vikawa vinapungua kimo, hewa ikawa nzito, na siku ya nne njia ikaingia chini ya miti mikubwa isiyokuwa na mwisho. Jeannette, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, aliinua uso akauliza, "Papa, jua limeenda wapi?"

"Liko juu kule. Miti inalificha tu."

Jeannette akaushika tena ukingo wa koti lake.

Walikale iliwapokea vizuri. Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa kwa majani, karibu na shule. Jirani yao alikuwa mwindaji aitwaye Floribert, mtu mpole, na mkewe Joséphine-Marie, mama wa watoto watano, mwenye sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza tu Joséphine-Marie alileta sahani ya sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese, na kipande cha nyama ya porini iliyokaushwa moshini. Athanase alishukuru, akala. Jeannette alikitazama chakula kile chekundu kama kwamba kingemrukia usoni.

"Nataka maharage," alisema. "Na maziwa."

Msituni hapakuwa na ng'ombe, na maharage yalifika mara chache mabegani mwa wachuuzi wa vilimani. Athanase akabembeleza, akakaripia, akabembeleza tena. Mtoto alikula ndizi moja ya kuchoma, na kesho yake nusu ya ndizi. Wiki zikapita. Magoti yake yakawa makubwa kuliko mapaja. Nywele ambazo mama yake alikuwa akizisuka kila Jumamosi zikajisokota mafundo mafundo, na kila baba yake alipozigusa kwa kitana mtoto alipiga kelele, naye akakiweka kitana chini. Gauni lake likachanika begani. Athanase akalishona kwa uzi mweusi, mshono mnene kama kovu.

Darasani alikuwa hodari. Watoto arobaini waliokuwa hawajawahi kushika chaki walianza kuandika majina yao kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Lakini kengele ya mwisho ilipolia alirudi kwenye nyumba yenye mtoto mmoja, na hapo hakujua aanzie wapi. Alikuwa mtu wa kujua kila kitu mpaka saa sita ya mchana, na kutojua lolote baada ya hapo.

Naye alikuwa mtu wa vitabu. Kila alichokipata maishani kilikuwa kimetoka kwenye karatasi: kazi, jina, hata Céline mwenyewe, ambaye baba yake alikubali kumwoza kwa sababu kijana huyo alijua kusoma. Kwa hiyo alifanya alichozoea kufanya akikwama. Akatafuta kitabu.

Padri alimpa kimoja cha sala za wafiwa. Athanase alikisoma chote kwa heshima. Kilieleza mengi mazuri juu ya roho za waliokufa, lakini yeye alikuwa na shida na aliye hai. Gustave, karani wa ofisi ya serikali, mtu wa viatu vinavyong'aa, alimwazima kitabu cha Kifaransa kinachofundisha kuandika barua za kila aina. Ndani yake Athanase aliikuta hata barua ya kumpa pole mwanaume aliyefiwa na mke. Aligeuza ukurasa kutazama mfiwa angejibu nini. Hapakuwa na jibu. Ilifuata barua ya kumpongeza rafiki aliyepandishwa cheo.

Akaenda kwa Léopold, munganga wa dispensari, aliyekuwa na kitabu kinene cha magonjwa. Wakakipekua pamoja. Léopold alimpima mtoto tumbo, akamtazama macho na ulimi, akampa dawa ya minyoo. "Hana ugonjwa, Mwalimu," alisema. "Mu hiki kitabu, mutoto wako hayumo."

Asubuhi moja, watoto wakiwa wamejipanga mistari mbele ya shule, Jeannette alianguka. Hakujikwaa, miguu ilimwishia tu, akaketi vumbini kama nguo iliyodondoka kambani. Athanase alimkimbilia, lakini Joséphine-Marie, aliyekuwa anapita na kikapu cha mihogo, alitangulia kufika. Akamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, akamweka kiunoni, akampeleka kwake, akamnywesha uji wa ndizi kijiko kwa kijiko huku akimwimbia kwa lugha ambayo mtoto hakuijua. Kisha akamgeukia baba.

"Papa Jeannette, unatafuta dawa mu vitabu vya wanaume," alisema. "Sisi wamama tuko na kitabu yetu, kule ku fwaye, kwa Mama Colette. Juu ya nini haukuuliza?"

Kweli, hakuwahi kufikiria kuuliza. Fwaye ilikuwa chumba kimoja cha mabati upande wa pili wa barabara kubwa, ambapo wanawake wa Walikale walijifunza kushona na kutunza nyumba. Aliipita kila siku. Alichukulia kwamba mambo ya mle ndani hayamhusu, kama mwanaume yeyote.

Colette, mwalimu wa wamama, alikuwa ametumwa kutoka Bukavu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, aliyezoea kuzungumza huku mikono yake ikiendelea na kazi. Athanase alimkuta akikata kitambaa. Akasalimu, akasimama mlangoni, akazungumzia mvua, akazungumzia barabara, mpaka maneno ya kuzungukia yakamwishia.

"Mama Colette, nimesikia muko na kitabu ya kulea watoto. Naomba munikopeshe. Siku mbili tu."

"Kitabu iko ya wamama wa fwaye, Mwalimu. Iko moja tu, na sheria inasema haitoki mu hii nyumba. Ni kwa wamama peke yao."

"Na mu nyumba yangu," Athanase aliuliza taratibu, "nani njo mama?"

Mkasi wa Colette ukasimama katikati ya kitambaa. Alimtazama yule mwanaume mwenye shati lililofungwa vifungo vibaya. Hakucheka, wala hakumpa pole.

"Alhamisi, saa nane ya muchana," alisema. "Ukuje na sindano yako."

Alhamisi ile Athanase alizunguka shule mara mbili kabla ya kupiga moyo konde na kuvuka barabara. Alipoingia, wanawake kumi na wanne wakanyamaza ghafla. Mmoja akajifunika mdomo kwa kitenge. Mwingine akamwuliza kama amepotea njia. Joséphine-Marie akasogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi kando yake. "Kaa hapa. Tumbo yangu iko kubwa, lakini nafasi iko."

Ilikuwa kweli, alikuwa na mimba ya mtoto wa sita.

Sasa, katika wanawake wale wote, wawili tu ndio waliojua kusoma, na hata hao walisoma kwa kuvuta herufi moja moja kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Colette kwa kawaida ndiye aliyewasomea, naye siku hiyo koo lilikuwa linamuuma. Akampa Athanase kitabu. Kilikuwa kitabu kidogo, kimeng'oka jalada, kinaanzia ukurasa wa tano, kwa hiyo hakuna aliyelijua jina lake. Walikiita tu kitabu cha wamama.

Athanase akasimama, akakohoa, akasoma kwa sauti yake ya darasani: "Wewe mama, unapoamka asubuhi, kabla ya kufunga kitenge chako..."

Benchi zote zikalipuka kwa kicheko. Athanase alikitazama kitabu, akajitazama suruali yake, na kicheko kikamtoka naye pia, kicheko kikubwa cha tumboni kilichomshtua mwenyewe. Tangu mazishi hakuwa amecheka. Alipofuta macho aligundua kwamba hakuwa na uhakika tena kama ni machozi ya kicheko.

Akageuza kurasa, akatafuta alichokuja kutafuta. Akakipata katikati.

"Wewe mama, ikiwa mtoto wako hataki kula, usimlazimishe, wala usimpigie kelele. Mkalishe karibu na moto wakati unapopika. Ipe mikono yake kazi ndogo, kama kuchambua majani au kumenya ndizi. Chakula alichokitengeneza mwenyewe si mgeni kwake tena."

Alisoma mara moja, kisha akarudia, polepole, kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe.

"Iyo iko kweli," Joséphine-Marie alisema. "Lakini mama wa kitabu hajui sombe. Sombe inaanzia ku kinu. Weye unajua kutwanga, Mwalimu?"

Hakujua. Tangu azaliwe hakuwahi kuushika mchi.

Alasiri ileile Joséphine-Marie alileta kinu na fungu la majani ya mihogo, akavitua mbele ya nyumba ya mwalimu. Akamwonyesha mara moja jinsi ya kutwanga, akaenda zake kuwapikia wanawe. Athanase akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaushika mchi kama anayeshika fimbo ya kumpigia nyoka. Pigo la kwanza likaangukia ukingoni. La pili likarusha majani mpaka kwenye kizingiti, alipokuwa ameketi Jeannette.

Mtoto aliyaokota majani moja moja, akayarudisha. Akabaki amesimama pale. Baba akapiga tena, majani yakaruka tena.

"Papa, si vile," alisema Jeannette. "Mama alikuwa anashika hapa, katikati. Alafu anauacha unaanguka wenyewe."

Athanase hakuthubutu kuinua macho. Tangu Kashuga mtoto hakuwa amelitaja neno Mama.

"Nionyeshe," alisema.

Mikono midogo ikaja juu ya mikono yake. Wakaunyanyua mchi pamoja, wakauacha uanguke. Wakanyanyua tena. Waliendelea hivyo mpaka majani yakawa laini kama matope ya mtoni. Wakamenya ndizi, wakachochea moto, wakamimina mawese. Sombe ikiwa jikoni inatokota, Jeannette alichovya kidole, akakipuliza, akakiweka mdomoni. Baba yake alijifanya anatafuta chumvi.

"Inakosa chumvi," alisema mtoto.

Usiku ule alikula nusu sahani. Si nyingi, lakini alikula.

Kuanzia hapo Athanase hakukosa Alhamisi hata moja. Yeye alisoma, wanawake wakaonyesha kwa mikono kile alichosoma, na mahali kitabu kilipokosea walikisahihisha bila huruma. Kilipotaja maziwa ya kopo, walisema karanga. Kilipotaja kitanda cha mtoto chenye chandarua cheupe, walicheka, wakaeleza jinsi ya kufukiza majani fulani mlangoni jua likizama. Kwa ruhusa ya Colette, Athanase akayaandika yote pembeni mwa kurasa kwa kalamu ya risasi. Alijifunza kuchambua nywele kwa mawese ya vuguvugu kabla ya kitana, na kusuka mistari minne iliyonyooka. Alikata gauni la kitambaa cha buluu. Mkono wa kushoto aliushona nyuma mbele, akaufumua, akaushona tena, akaufumua.

Maneno hayakukosa kusemwa. Gustave alimkuta sokoni ananunua uzi, akamwamkia kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama Mwalimu, habari ya nyumbani?" Wanaume wakacheka, na jina likashika. Siku chache baadaye Athanase aliingia darasani akalikuta limeandikwa ubaoni: *Mama Mwalimu*. Watoto arobaini wakazuia pumzi. Aliyatazama maandishi. Herufi zilikuwa zimesimama wima, nzuri, kama alivyowafundisha.

"Muandiko muzuri sana," alisema. "Lakini hii si sentensi, inakosa kitendo." Akachukua chaki, akamalizia: *Mama Mwalimu anapika sombe tamu.* "Muandike yote, mara tano."

Baada ya hapo jina lilipoteza makali yake. Wengine waliendelea kulitumia, lakini kwa upole, kama jina lolote la mtu.

Jambo moja tu lilimsumbua. Alikuwa amekisoma kitabu kile kuanzia ukurasa wa tano mpaka wa mwisho, akitafuta sura juu ya mtoto aliyefiwa na mama. Haikuwepo. Alhamisi moja, wengine wakiwa wameondoka, akamwambia Colette.

"Miye vilevile niliitafuta," alisema Colette, akikunja vitambaa. "Mama yangu alikufa niko na miaka ine. Wenye kuandika hii kitabu walifikiri mama hafi." Akapanga kitambaa juu ya kingine. "Lakini Mwalimu, mambo ingine iko ndani. Si haba."

Miezi tisa ya ule mwaka aliopewa ilipotimia, habari zilikuwa zimepanda mpaka Kashuga kwa midomo ya wachuuzi wa maharage: mwalimu amerukwa na akili, anakaa na wanawake, anashona magauni. Mukandori hakungoja mwaka utimie. Akafunga mzigo, akafuatana na wachuuzi, akateremka.

Alifika Walikale siku ya Alhamisi. Nyumba ya mwalimu aliikuta imefungwa. Mtu akamwonyesha fwaye. Akaenda mpaka mlangoni, na pale akasimama, miguu yake ina vumbi la siku tano. Ndani, katikati ya wanawake, shemeji yake alikuwa amesimama na kitabu kisicho na jalada, anasoma kwa sauti tulivu: "Wewe mama, binti yako akianza kukua, usimfiche maneno..."

Athanase akainua macho, akamwona. Akafunga kitabu, kidole kikiwa kati ya kurasa.  Mukandori aligeuka, akaketi juu ya mzigo wake kivulini mwa ukuta, akangoja.

Wakarudi nyumbani. Jeannette alikuwa mtoni na watoto wa Joséphine-Marie. Aliposikia aliyekuja, alikuja mbio, maji yakimchuruzika. "Mama Mukubwa!"

Mukandori akamshika. Alimshika mikono, akaiminya kuona kama ina nyama. Akamtazama masikio, meno, kucha. Akafumua mstari mmoja wa nywele zake, akaona jinsi ulivyoshikwa vizuri kutoka chini. Mwishowe akageuza upindo wa gauni la buluu, akaufuata mshono kwa kidole.

"Nani ameshona hii?"

"Papa. Huu mukono aliufumua mara tatu. Alikuwa anasemasema peke yake."

Mukandori akauachia upindo. 

Usiku ule Athanase hakuwa na usingizi. Alikuwa ametoa neno lake mbele ya watu, na mtu wa neno halirudishi. Asubuhi, kabla ya shule, alizikunja nguo za Jeannette moja moja, akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka juu ya meza ili shemeji yake azione bila yeye kulazimika kusema. Aliporudi mchana, furushi lilikuwa palepale. Kando yake lilikaa daftari lake la nyumbani, alimonakili sura alizozipenda, na mbele ya daftari alikaa Mukandori, ambaye hakujua kusoma hata jina lake.

"Nisomee," alisema.

Akamsomea juu ya kuosha mtoto. Mukandori alisikiliza huku amekunja uso.

"Mwenye kuandika hii hakuzaa," alisema. "Anasema maji ya baridi asubuhi! Céline alikuwa anaogopa maji ya baridi mpaka anajificha chini ya kitanda. Mama yetu alikuwa anayaweka ku jua, mu chungu, mpaka yanapata moto kidogo. Njo anatoka. Anatoka anacheka, anasema..."

Hakulimaliza neno. Akaufunika mdomo kwa kiganja, lakini machozi yalikuwa yamekwisha kumshinda. Mwanamke yule ambaye hakulia kwenye matanga alilia pale mezani kwa mwalimu, mabega yakimtikisika, kilio cha mtu aliyebeba mzigo kwa miezi na miezi bila kupata mahali pa kuutua.  Athanase akachukua kalamu.

"Unaandika nini?" Mukandori aliuliza, akijifuta.

"Yale umesema. Maji ku jua, mu chungu. Kitabu haina hii."

Mukandori aliitazama kalamu. "Basi andika," alisema. "Andika vilevile kama alikuwa anakula udongo wa kichuguu, na tukimukataza anakula kwa siri. Andika kama alipata meno mapema. Andika kama alikuwa anaimba akiwa anapalilia, na sauti yake ilikuwa mbaya."

"Ilikuwa mbaya sana," alisema Athanase.

"Sana!" Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu mauti yale walicheka pamoja, mume na dada.

Alizungumza siku tatu. Athanase aliandika kurasa kumi na moja. Jeannette alikaa katikati yao akisikiliza, akiuliza, akidai habari ileile isemwe tena, kwa sababu mpaka siku zile alikuwa akimjua mama yake kama mtu mzima tu.

Siku ya nne Mukandori alilichukua furushi pale mezani, akalifungua, akazirudisha nguo ukutani zilipokuwa zikitundikwa. Athanase aliyaona hayo akiwa mlangoni.

"Shemeji, nilikupa neno," alisema.

"Ulisema tukiona mutoto anaharibika. Nimeangalia siku ine. Sikuona." Akakung'uta kitambaa, akakikunja. "Lakini na miye niko na haki yangu. Ni yeye tu anabakia wa mudogo wangu. Vakansi kubwa ikifika, atakuja kwangu miezi miwili, kila mwaka. Atalima maharage na wenzake. Hapo sitasikia kama uko mwalimu ao askofu."

Athanase alishika mwimo wa mlango. Miezi miwili! Alimtazama mtoto, aliyekuwa nje anamenya ndizi na kuimba, kwa sauti mbaya.

"Iko haki," alisema.

Vakansi, yaani likizo ya shule, ilikuwa imebaki wiki mbili, kwa hiyo Mukandori aliingoja. Alhamisi zote mbili alikwenda fwaye, akakaa kando ya Joséphine-Marie, akabishana na kitabu karibu kila mstari, na wanawake wakampenda. Kisha asubuhi moja yenye ukungu walimfunga Jeannette mzigo mdogo, na Athanase akawasindikiza mpaka njia inapoacha barabara kubwa na kuanza kupanda. Mtoto alimkumbatia shingoni, akaenda, na hakugeuka nyuma hata mara moja, maana alikuwa na shughuli ya kumwuliza mama yake mkubwa jambo fulani.

Miezi ile miwili ilikuwa mirefu. Alitwanga sombe ya mtu mmoja. Joséphine-Marie alijifungua mtoto wa kike, na Floribert, ambaye katika miaka yote hakuwahi kuuliza mambo ya wamama, alikuja kwa mwalimu akizungukazunguka kama mtu aliyepoteza kitu, mpaka mwishowe akauliza kama kitabu kinasema lolote juu ya kitoto kinacholia kila jua linapozama. Athanase akamkaribisha, akafungua daftari lake, wakasoma pamoja.

Mwishoni mwa mwezi wa nane wachuuzi wakateremka, na Jeannette katikati yao, mweusi kwa jua la vilimani, ameota jino jipya. Alianza kuzungumza kabla hajatua mzigo. Alizungumza juu ya ndama aliyezaliwa na doa usoni, juu ya mvua ya mawe, juu ya binamu yake aliyeanguka kisimani akatolewa na kamba, juu ya kigoda cha mama yake, ambacho sasa kiko kwa Mama Mukubwa na ambacho yeye peke yake anaruhusiwa kukikalia. Athanase aliweka chungu jikoni, akauliza hili na lile, akasahau kutazama moto. Ndizi zikaungua. Jeannette alinusa, akasema, "Papa, chakula," kisha akaendelea palepale alipokuwa ameachia, naye baba yake akaketi chini mbele yake, akamwacha aseme.